Pembe ya Mbele

"Hiki kidole kitanistaafisha kabla ya umri wangu," alisema Sajini, akivua kiatu cha kushoto taratibu huku amekunja uso.

Inspekta hakugeuka. Alikuwa dirishani, akimtazama wakili wa kundi la Bega akishuka garini na mkoba wake mweusi, ameshaanza kutabasamu kabla hajafika mlangoni. Mtu anayetabasamu mapema vile huwa ana karatasi nzuri mkobani.

"Kwenye taarifa yako umeandika umepata jeraha kazini, basi. Ilikuwaje?"

"Meza, afande. Jana tulipovamia ule ukumbi walikuwa wameinyanyua meza ndefu wanaihamisha. Nikawaambia watulie hapo hapo. Nikajipenyeza kati yao kwa haraka zangu, mguu ukaingia chini ya meza, na meza ikashuka. Wote waliiachia kwa mpigo mmoja, puu!"

"Wote watano?"

"Watano na mfagizi wa ukumbi. Maskini ya Mungu, naye walikuwa wamemtia kazini."

Inspekta alirudi mezani kwake akaketi. Hakuwa na hamu ya kucheka, ingawa kwa kawaida Sajini alimchekesha bila kutaka. Mambo yalikuwa yamemfika shingoni. Watu watano wa Bega walikuwa rumande, na kila mtu mjini alijua Bega ni nini. Mwenye duka asiyelipa ada yao aliona shehena yake ikidondoka, kisha vioo vikivunjika, kisha moto. Polisi walijua nani hukusanya ada, nani huficha mali ya wizi, nani huwatisha mashahidi. Kitu kimoja tu hawakukijua. Hawakumjua anayetoa amri. Aliitwa Wa Mbele, na katika miaka yote ya kundi hilo hakuna mtu wa nje aliyewahi kuuona uso wake akajua ndiye.

Chumba cha pili kulikuwa na mwanamke aliyekaa na begi la safari miguuni. Alikuwa fundi cherehani. Alikataa kulipa ada, na jioni moja watu sita wakaubeba mtambo mbovu wa kukoboa nafaka, wakauweka mlangoni pa duka lake, kisha wakalitia moto. Kaka yake alikuwa ndani. Yeye alikuwa uani, akaona miguu na migongo, akasikia mtambo ukitua chini kwa kishindo kimoja. Ndiye pekee aliyekubali kutoa ushahidi. Kama Wa Mbele angetoka leo pamoja na wenzake, yule mama asingefika mahakamani akiwa hai, na Inspekta ndiye aliyemshawishi aseme.

Mlango ulifunguka bila kubishwa. Alikuwa Mkuu wa Kituo.

"Wakili ana hati ya mahakama. Saa sita mchana, ama umewashtaki kwa jambo la maana ama wanaondoka. Kulala kwenye ukumbi wa kukodi si kosa."

"Hawakuwa wamelala, mkuu. Walikuwa kwenye mkutano."

"Mkutano wa chama cha kusaidiana, ndivyo wanavyosema. Halafu yule mfagizi umwachie asubuhi hii hii. Wakili hata hakumwandika kwenye hati yake. Nimemkuta koridoni anafagia! Mmemgeuza mtumishi wa serikali asiye na mshahara."

"Aliomba mwenyewe ufagio, mkuu," alisema Sajini. "Alisema kukaa bure kunamuuma mgongo."

Mkuu aliguna, akatoka.

Wa kwanza kuletwa alikuwa Kidani, jina alilopewa kwa ajili ya mkufu mnene wa dhahabu usiotoka shingoni. Alikuwa na kifua cha mpiga mieleka na sauti ya kujaza uwanja. Aliketi bila kukaribishwa.

"Nimechoka na maswali yenu ya kuzunguka zunguka. Mnamtaka Wa Mbele? Mnaye. Ni mimi."

Kalamu ya Sajini ilisimama hewani.

"Wewe ndiye uliyeamuru duka la fundi lichomwe?" aliuliza Inspekta.

"Mimi."

"Na mtambo mlangoni?"

"Mimi, mama. Niandike. Waachie wazee wa watu waende nyumbani, wana familia."

Alisema hayo na uso mkavu, kama mtu anayesoma kitu alichokariri. Mkuu wa Kituo, aliyekuwa akisikiliza kupitia mlango wa pili, alimvuta Inspekta pembeni.

"Amekiri! Unataka nini tena? Tukupigie ngoma?"

"Amekiri haraka mno. Mtu aliyefichwa miaka yote hiyo na kundi zima, leo ajitoe mwenyewe kwa swali moja? Huyu ametumwa kuvaa kofia isiyo yake. Tukimfunga, mwenyewe atatoka mlangoni anapiga mluzi."

"Saa sita, Inspekta. Ikifika saa sita, nachukua nilichonacho."

Aliyefuata alikuwa mzee mwembamba waliyemwita Babu Gunia. Aliingia polepole, akashika ukingo wa meza kwanza, akaupapasa kwa kiganja kana kwamba anakadiria uzito wake, ndipo akaketi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nakwambia mapema usijichoshe. Jina sina. Hata ukinipika nyama, mchuzi wake hautakuwa na jina."

"Sikuulizi jina. Nataka unieleze Bega lilianzaje. Hayo si siri, au ni siri?"

Mzee alimtazama kwa jicho la pembeni, akitafuta mtego. Hakuuona. Na kama wazee wengi, kuulizwa habari za ujana wake kulimlainisha.

"Bega halikuanza kwa uovu," alisema. "Andika hivyo. Tulikuwa wachukuzi maghalani. Mizigo ya watu sita sita, mashine, makasha ya chuma. Mzigo wa watu sita una sheria yake. Wawili mbele, wawili kati, wawili nyuma. Wa mbele kushoto ndiye mwenye neno. Akisema, mnanyanyua. Akisema, mnatua. Wewe ukinyanyua bila neno lake, uzito wote unamwendea mwenzako, unamvunja."

"Na huyo mwenye neno alikuwa mmoja wenu?"

"Zamani hapana. Alikuwa msimamizi wa ghala, mtu wa tajiri. Siku moja tumeinyanyua mashine, tuko nayo katikati ya ngazi, akaitwa huko nje. Akaondoka! Katuacha na mzigo hewani, bila neno. Tuliganda pale mpaka mmoja wetu akaishiwa nguvu." Mzee aliupapasa tena ukingo wa meza. "Alikuwa shemeji yangu. Tulimtoa chini ya mashine akiwa amekwisha. Siku ile tulikula kiapo. Pembe ya mbele itashikwa na mtu wetu, hatutanyanyua ila kwa neno lake, na yeye hatatuacha na mzigo hewani. Hicho ndicho kiapo chote. Watu wa nje wanadhani tunakunywa damu."

"Kutoka hapo mkafikaje kwenye kuchoma maduka?"

"Taratibu, mwanangu. Tulichanga tukawalisha wagonjwa. Michango ikapungua, tukawaomba matajiri. Matajiri wakakataa, tukaangusha makasha yao mawili matatu. Wakaanza kutoa bila kuombwa. Mtu akishaonja cha kupewa kwa hofu, cha jasho hakimnogei tena." Alijikuna kidevu. "Wa Mbele wa kwanza alikufa. Aliyefuata hakupenda kuonekana. Hapo ndipo tulipo."

"Na sheria ya mzigo je? Siku hizi hakuna anayebeba kitu kati yenu, mmeshakuwa waheshimiwa."

Babu Gunia alicheka kwa mara ya kwanza.

"Mwili hausahau. Hata kitanda nyumbani, watoto wangu wakiniambia tukihamishe, nangoja neno. Mke wangu ananicheka."

Alipotolewa, Inspekta alibaki amekaa, vidole vikigonga meza. Kisha vidole vikaacha kugonga.

"Sajini. Jana, ile meza. Nani alishika wapi?"

"Afande, mimi nilikuwa nalia na kidole changu."

"Kabla ya kidole. Ulipoingia mlangoni, meza ilikuwa inakuja kwako au inakwenda?"

Sajini alifumba macho. Pamoja na utani wake alikuwa na macho mazuri, ndiyo maana Inspekta alimvumilia.

"Inakuja kwangu. Kidani alikuwa nyuma kabisa, niliuona mkufu. Babu Gunia kati. Mbele..." Alifumbua macho. "Mbele mkono wangu wa kulia alikuwa mfagizi."

"Kulia kwako, yaani kushoto kwake. Pembe ya mbele, kushoto."

"Aa, afande! Yule? Yule aliyeniambia pole kwa kidole, akanitafutia maji ya baridi?"

"Nani aliyesema neno kabla meza haijaachiwa?"

Sajini aliutazama mguu wake. "Kuna mtu alisema 'tua.' Nilidhani ni mmoja wa konstebo wetu."

Inspekta alisimama ghafla. Alikuwa amekumbuka ule ufagio koridoni, na fundi mwenye begi la safari. Alikwenda chumba cha pili karibu mbio. Fundi alikuwa pale pale, begi miguuni, na sakafu ilikuwa safi inang'aa.

"Nani amefagia humu?"

"Yule mzee wa ufagio, mama yangu. Namfahamu, ni mteja wangu wa siku nyingi. Ameshangaa kuniona, akanipa pole. Ameniuliza nasafiri lini na kwa nani nafikia."

"Ukamjibu?"

"Nimemwambia naondoka leo jioni, nakwenda kwa dada yangu. Kwani vipi?"

Inspekta aliuzuia uso wake usiseme kitu. "Hakuna kitu. Kaa hapa, usimfungulie mtu ila mimi." Alimweka konstebo mlangoni, na hasira iliyompanda ilikuwa ya aina inayomfanya mtu aongee polepole sana.

"Itisha gwaride la utambulisho kwenye chumba cha mikutano," alimwambia Sajini. "Mkuu awepo, na wakili pia. Tutahitaji nafasi, kwa hiyo ile meza kubwa lazima itoke. Wafungue pingu wale watano waitoe."

"Konstebo wetu wapo, afande."

"Najua wapo."

Sajini alimtazama, kisha tabasamu likaanza kumtambaa usoni. Alivaa kiatu chake bila kulalamika.

Meza ya chumba cha mikutano ilikuwa ya mbao nene na miguu ya chuma, kitu ambacho hakuna aliyekumbuka kiliingizwaje mle ndani. Mkuu wa Kituo alisimama karibu na dirisha akitazama saa yake. Wakili alisimama karibu naye akitazama ya kwake. Mfagizi aliitwa na ufagio wake. Alikuwa mtu wa kimo cha kati, mabega ya kawaida, uso ambao ukiuona sokoni hutaukumbuka ukifika nyumbani.

"Mzee wangu, jina lako halimo kwenye hati yoyote," Inspekta alimwambia kwa upole. "Meza ikitoka, nipigie ufagio hapo chini ilipokuwa, halafu nakusainia uende zako. Samahani kwa usumbufu."

"Hakuna neno, mama," alijibu mfagizi kwa sauti ya chini. "Kazi ni kazi."

Watu watano wa Bega waliisogelea meza. Hakuna aliyewapanga. Wawili walikwenda nyuma, Babu Gunia na mwenzake wakashika kati, mmoja akashika mbele kulia. Waliinama, viganja chini ya ubao, wakatulia. Pembe ya mbele kushoto ilibaki tupu.

"Haya, nyanyueni," alisema Sajini.

Hakuna kilichonyanyuka.

"Jamani, nyanyueni! Moja, mbili, tatu!"

Watano walibaki wameinama. Mmoja alijikohoza. Konstebo kijana, kwa nia njema kabisa, aliruka akaishika pembe iliyokuwa wazi, na papo hapo wote watano wakanyoosha migongo, mikono pembeni. Konstebo aliivuta peke yake mpaka shingo ikamtoka mishipa.

"Acha, mwanangu, utajiumiza," Inspekta akamwambia. Kisha akamgeukia mmoja wa wale wawili wa nyuma. "Kidani. Hebu nikuulize. Wewe si ndiye Wa Mbele?"

"Nilishasema."

"Mbona umekwenda nyuma?"

Kidani alitazama mikono yake kana kwamba imemsaliti. Jasho lilimtoka. Alitembea mpaka pembe ya mbele kushoto, akanyoosha mkono, na Babu Gunia akamwangalia. Mkono wa Kidani uliishia hewani. Akarudi nyuma mahali pake, amenywea.

Mkuu wa Kituo hakuwa tena anatazama saa.

Mfagizi alicheka kicheko kidogo cha mtu mwenye haraka ya kwenda nyumbani. "Jamani, na nyie! Mnawachelewesha wakubwa," alisema. "Nyanyueni."

Meza ilipaa. Watu watano, pumzi moja, na meza ile nzito ikawa juu kiunoni mwao, pembe tupu ikiinama kidogo.

"Sajini aliwaambia nyanyueni mara mbili," Inspekta alisema. "Aliwahesabia kama watoto wa chekechea. Hawakusogea. Wewe umesema mara moja."

Mfagizi aliegemea ufagio wake. "Wamechoka kusimama tu, mama. Mimi mfagizi."

"Basi mfagizi, waambie waitue."

Alifungua mdomo, na wakili akaruka mbele kama aliyekanyaga moto.

"Usiseme kitu! Mzee, usijibu neno lolote!"

"Wakili," alisema Inspekta, "kumbe na huyu ni mteja wako? Mbona hukumwandika?"

Wakili alifungua mkoba wake, akaufunga. Lakini ushauri wake ulikuwa umefika. Mfagizi alifunga mdomo.

Meza ilibaki hewani. Mikono ya watano ilianza kutetemeka, na upande wa pembe tupu uzito wote ulikuwa ukimlalia Babu Gunia. Mishipa ilimsimama mzee kwenye kipaji cha uso. Inspekta aliuma meno. Sajini, bila kuambiwa, aliwaashiria konstebo wawili wakae tayari karibu na mzee. Hakuna aliyewazuia watano wasiitue. Wangeweza kuitua wakati wowote.

"Tupe neno," alisema Babu Gunia, akimtazama mfagizi.

Mfagizi aligeuza uso ukutani.

"Tupe neno, ndugu yangu. Mzigo uko hewani."

"Mimi siwajui watu hawa," alisema mfagizi.

Ndilo jibu ambalo Inspekta alikuwa akilisubiri, na hata hivyo lilimsisimua mwili. Babu Gunia alimtazama mtu yule kwa muda mrefu. Machozi yalimlenga, na hayakuwa ya uzito wa meza.

"Shemeji yangu alikufa hivi hivi," alisema. Kisha akawageukia wenzake, kwa sauti ambayo haikutetemeka hata kidogo. "Tueni."

Wakatua, na safari hii hakuna aliyepoteza kidole.

Babu Gunia alijipangusa viganja kwenye suruali. "Lete karatasi zako, mwanangu. Kiapo amekivunja yeye. Ndiye aliyesema neno jioni ile kwenye mtambo wa fundi. Nilikuwa wa kati, kushoto. Sijifichi, nitakula changu. Lakini pembe ya mbele alishika yeye."

"Nami nilikuwa nyuma," alisema Kidani, akivua mkufu wake na kuuweka mezani. "Ametuambia mmoja ajitoe. Mimi nikakubali, mjinga mimi. Nilidhani naubeba mzigo wake, kumbe hata kunitua asingenitua."

Wakaanza kusema wote kwa pamoja, mpaka Sajini ikabidi apige meza kwa kiganja. "Mmoja mmoja, wazee, mmoja mmoja! Mkono wangu ni mmoja!" Alikuwa ameshajaza ukurasa wa kwanza, ana furaha ya bwana harusi. Mkuu wa Kituo alimgeukia wakili, akamwambia kwa adabu nyingi kwamba saa sita bado, akipenda anaweza kusubiri.

Pingu zilipofungwa kwenye mikono ya mfagizi, ufagio ulianguka. Hakuna aliyeuokota.

Inspekta alimleta fundi cherehani koridoni mwenyewe. Alitaka amwone kwa macho yake, mchana kweupe, asibaki maisha yake yote akiogopa kila mgongo. Fundi alimtazama mtu aliyekuwa katikati ya konstebo wawili, na kwanza hakuelewa.

"Huyu?" alisema. "Huyu mzee wa ufagio?"

"Huyo."

"Nimemshonea miaka yote, nikimpunguzia bei kwa huruma!" Alimsogelea mpaka wakawa ana kwa ana. "Ulinijia wiki ile ya matanga ya kaka yangu, ukaniuliza koti lako. Nikaona haya kukujibu, nikasema nitakutafutia. Lilikuwa dukani. Uliliunguza mwenyewe."

Wa Mbele hakuwa na neno. Walimwongoza wakaenda naye, na viatu vyake vilisikika vikiburura sakafu aliyoifagia vizuri asubuhi ile.

Fundi alibaki amesimama, akapumua pumzi ndefu kama aliyekuwa chini ya maji. Kisha akaanza kucheka na kulia pamoja, na Inspekta, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatia watu ovyo, alimkumbatia. Alikuwa na furaha tele, na hakujali nani anamwona.

"Gari la kukupeleka kwa dada yako bado lipo," alimwambia.

"Kwa dada yangu kufanya nini? Nina kuta nne zilizosimama na cherehani moja iliyopona. Nipelekeni dukani."

Begi lilikuwa zito, limejaa maisha ya mtu mzima. Inspekta alishika mpini mmoja. Fundi alishika mwingine, upande wa kushoto, mbele kidogo.

"Haya," alisema Inspekta, akiwa ameinama. "Nangoja neno lako."

Fundi alimtazama, akaelewa, akajifuta macho kwa kiwiko.

"Twende," alisema, na begi likanyanyuka.